Jinsi ya Kutengeneza Tezo ya Kuchongea Vijiko na Bakuli kwa Springi ya Gari

Maswali ni yale yale. Springi ya gari gani inafaa? Nondo je? Ni lazima niwe na grainda? Mbona tezo yangu inaruka badala ya kukata? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, nikichora chini kwa kijiti, na mara nyingi mtu huondoka amekumbuka nusu tu. Kwa hiyo nimeandika hatua zote kama ninavyozifuata mwenyewe hapa Nairobi, kwa vitu vinavyopatikana hapa hapa.

Tezo ninayoieleza ni ya mkono mmoja, ile wanayotumia wachongaji wa Kikamba kule Gikomba: ubapa wa chuma wenye mkia, na mkia huo unachomekwa kwenye kichwa cha mpini kilichovimba kama rungu. Haina jicho la chuma kama shoka la dukani. Anayeanza naomba aanze na hii. Kutoboa jicho kwenye chuma cha moto ni kazi ya mhunzi aliyekomaa, lakini kufua mkia unaweza kujifunza kwa siku moja. Tena kila pigo la kazi huukaza mkia zaidi ndani ya mti. Ukitaka kunoa, unagonga ncha ya mkia kwa nyuma, ubapa unatoka, unaushika mkononi peke yake.

Maneno nitakayotumia: mdomo ni sehemu ya mbele yenye makali. Mteremko ni ule uso uliolazwa kwa faili mpaka kufikia makali. Kisigino ni pale mteremko unapoanzia, nyuma ya makali. Mkia ni ncha inayoingia kwenye mpini. Matiko ni ugumu ambao chuma hupata kikipashwa moto na kuzamishwa kwenye mafuta. Basi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuwasha moto

- Kipande cha springi bapa ya gari, unene wa milimita 6 hadi 8, urefu wa sentimita 16 na upana wa 4. Kwa vijiko tu, upana wa sentimita 3 unatosha.
- Jiko la kufulia: ngoma kuukuu ya breki ya lori, bomba la chuma la kuingiza hewa kwa chini, na draya ya nywele ya mtumba au feni ndogo ya kupuliza.
- Madebe mawili ya makaa.
- Fuawe, yaani chuma kizito cha kufulia juu yake. Kitovu cha gurudumu la lori au shafti nene iliyosimamishwa kwenye gogo inatosha.
- Nyundo ya kilo moja, koleo ndefu, jiriwa (kifaa cha kubania), msumeno wa chuma.
- Faili mbili, moja bapa na moja ya nusu duara, na msasa namba 120, 240 na 400.
- Sumaku. Vunja spika iliyokufa, utaipata nyuma yake.
- Lita 4 za mafuta ya kupikia ndani ya mkebe wa chuma wenye kina cha sentimita 20 au zaidi, na mfuniko wake. Mafuta yaliyokwisha kazi kwenye kibanda cha chipsi ni mazuri. Yachuje, halafu yachemshe kidogo ili maji yatoke.
- Kipande cha mti mgumu kwa ajili ya mpini (nitakieleza kwa urefu kwenye hatua ya 6).
- Miwani ya kukinga macho, viatu vya ngozi, nguo za pamba. Jaketi za mtumba za nailoni ziache nyumbani, cheche moja huziyeyushia mwilini.
- Ndoo ya mchanga.

Grainda hurahisisha kazi lakini si lazima. Tezo yangu inayofanya kazi vizuri kuliko zote niliimaliza kwa faili.

Neno moja kuhusu kununua vyuma. Springi kuukuu zipo Kariobangi, kwenye gereji za Grogan na kwa wauza vyuma chakavu sehemu nyingi za mji, na huuzwa kwa kilo. Nunua kwa mtu mwenye leseni, kwa sababu Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inaitaka. Mwaka wa 2022 serikali iliisimamisha biashara hii yote kwa miezi kadhaa baada ya milingoti ya umeme kuhujumiwa. Ukiletewa kipande cha reli kwa bei ya kutupa, kikatae. Fuawe haina thamani ya kesi.

Na moto wako uwe nje. Sisemi roshani ya ploti, sisemi chumba chenye dirisha wazi, nasema nje. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hufa nayo usingizini kwa jiko dogo tu la kupikia, sembuse linalopulizwa na feni. Vilevile usitumie bomba la maji lililopakwa zinki kwenye jiko hilo. Zinki ikipata moto hutoa moshi mweupe unaougonjesha mwili siku nzima.

## Hatua

1. Chagua chuma. Springi bapa za matatu, pikapu na lori ndogo zina kaboni ya kutosha, kwa kawaida kama asilimia 0.6. Hiyo ndiyo inayokifanya chuma kishike matiko. Nondo haina kaboni hiyo. Utaifua vizuri, itapendeza machoni, na makali yatalala siku ya kwanza. Faili kuukuu nayo ina kaboni nyingi na hupasuka upesi mikononi mwa anayeanza, kwa hiyo iache kwanza.

Springi nyingi zinazouzwa ni zile zilizokatika, na iliyokatika mahali pamoja huenda ina nyufa mahali pengine. Isugue kutu, ipake mafuta mepesi, ipanguse ikauke, kisha paka chaki juu. Ufa utajionyesha kama mstari mweusi wa mafuta yanayorudi juu. Kata mbali na ufa huo na mbali na tundu la katikati.

2. Lainisha, kisha kata. Springi ilivyo itakula meno ya msumeno wako. Ipashe moto hadi iwe nyekundu na sumaku iache kuishika, kisha izike kwenye jivu kavu, jingi, uilaze humo hadi kesho yake asubuhi. Itakatika kwa msumeno bila ugomvi.

Kata umbo. Acha sentimita 9 za mbele na upana wake wote, huo ndio ubapa. Sentimita 7 za nyuma zipunguze pande zote mbili hadi ubaki na kipande cha katikati cha upana wa sentimita moja na nusu, huo ndio mkia. Pale mkia unapokutana na ubapa, usiache pembe kali ya mraba. Pazungushe kwa faili ya nusu duara. Nimeona tezo tatu zikivunjika, na zote zilivunjikia hapo, kwenye pembe iliyoachwa kali.

3. Fua mkia. Pasha hadi rangi ya chungwa, fua ukizungusha robo kila mapigo machache, ili mkia uwe mstatili unaopungua taratibu kuelekea ncha. Utarefuka wenyewe hadi kama sentimita 10. Upungue sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, usiwe na nundu katikati, maana nundu moja itaupasua mpini baadaye.

Chuma kikififia hadi nyekundu ya giza, acha kugonga na ukirudishe motoni. Chuma cha springi kinachofuliwa kikiwa kimepoa hupasuka ndani kwa ndani, na huoni kitu hadi siku ya kutia matiko.

4. Fua mdomo. Kwanza upunguze unene wa mdomo hadi kama milimita 3, ukiacha sehemu ya nyuma nene. Uzito ukae karibu na mkia.

Sasa mpindo wa kwanza, wa upana. Chonga mfereji kwenye kigogo kigumu, au weka vipande viwili vya chuma vikiachana kidogo, laza mdomo wa moto juu yake na ugonge katikati kwa upande mwembamba wa nyundo. Unataka mdomo ukae sawasawa kwenye tumbo la kikombe cha bati cha chai, kile cha kipenyo cha sentimita 8 hivi. Huo ni mpindo unaofaa bakuli na vijiko vikubwa vya kupakulia. Ukipinda kidogo tu, pembe mbili za mdomo zitakwaruza ndani ya bakuli na kuacha mikwaruzo usiyoweza kuiondoa. Ukipinda kupita kiasi, tezo itachimba mitaro.

Mpindo wa pili ni wa urefu: ubapa uiname kidogo kuelekea upande wa mkono wako, kama ukucha. Usiuzidishe. Ukiulaza ubapa kwenye meza, mwanga wa unene wa kidole uonekane chini yake katikati, inatosha.

5. Piga faili. Tengeneza umbo la nje, kisha anza mteremko wa makali. Kwa kuchimba bakuli, mteremko uwe upande wa nje, yaani upande uliogeuka mbali na mkono wako. Hivyo mteremko unateleza juu ya mti unaobaki, na makali yanatoka juu na gamba la mti. Ukiweka mteremko upande wa ndani, tezo itazama na kung'ang'ania. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi, kwa sababu wengi wamezoea patasi na randa, wakadhani ni mamoja.

Pembe ya mteremko iwe kama digrii 30. Usinoe sasa. Acha makali na unene wa milimita moja hivi, kama ukingo wa sarafu. Makali membamba yakiingia kwenye mafuta yakiwa moto hujikunja au kupasuka.

6. Andaa mpini na uchome tundu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu hupoteza wiki mbili kwenye chuma halafu wanachomeka kwenye mti wa kwanza walioukuta.

Unahitaji tawi lenye nundu au mahali linapoungana na shina, ambapo nyuzi za mti zimejisokota. Nundu hiyo ndiyo itakayobeba mkia bila kupasuka. Mpera ni mzuri sana na hukatwa mashambani Kiambu na kwenye viunga vya Nairobi kila mara. Mzaituni mwitu, ule Wakikuyu wanaouita mutamaiyu, ni bora zaidi ukiupata kwa njia halali. Mgrivea usitumie kwa mpini, ni mwepesi kupasuka. Rungu kuukuu lililokauka pia hufaa, na linakuokolea miezi ya kungoja.

Mti ukiwa mbichi, paka nta kwenye ncha zote mbili zilizokatwa na uuweke kivulini miezi miwili au mitatu. Mti mbichi ukichomeka mkia leo, utakauka na kusinyaa ukiubana mkia, na kichwa kitapasuka katikati ya usiku na utausikia mlio wake.

Chonga mpini uwe na urefu wa sentimita 30 hadi 33, kichwa kipenyo cha sentimita 6 au 7, na shingo iliyojaa mkono wako. Mwisho wa mpini uache uvimbe kidogo ili usiteleze.

Sasa tundu. Piga alama upande wa chini wa kichwa na upande wa juu, ili tundu lipite kwa mshazari: ubapa ukishaingia uelekee chini na kurudi upande wa mkono, ukifanya pembe ya kama digrii 65 na mpini. Toboa kwa drili ya milimita 6, polepole, ukitoka upande wa pili. Kisha pasha mkia peke yake hadi nyekundu, uusukume ndani ya tundu, uhesabu mpaka tatu, uutoe. Moshi utatoka mwingi. Kwangua mkaa uliobaki ndani na urudie hadi mkia uzame wote isipokuwa sentimita moja ya mwisho karibu na ubapa. Hiyo sentimita iache. Mapigo ya kwanza ya kazi yataimaliza, na hapo ndipo tezo inapokaza kweli. Ncha ya mkia itokeze kidogo juu ya kichwa, ili uwe na mahali pa kugonga siku ya kuutoa.

Zingatia mpangilio huu: tundu huchomwa kabla ya kutia matiko. Mimi tezo yangu ya kwanza niliipa matiko mazuri, nikainoa hadi ikanyoa nywele za mkono, ndipo nikapasha mkia nichome tundu. Joto lilitembea hadi kwenye mdomo, nikaona makali yakigeuka bluu mbele ya macho yangu. Ugumu wote ulikwisha, na nikarudi hatua ya 8.

7. Pima pembe kwa mduara. Hatua hii ndiyo inayotenganisha tezo na kipande cha chuma kwenye kijiti. Usiiruke.

Nilipokuwa najifunza, mzee mmoja mchongaji pale Gikomba alipokea tezo yangu mkononi. Hakugusa makali. Alishika mpini, akaupeperusha hewani mara mbili akiutazama mdomo kwa pembeni, akanirudishia. "Kijana wangu, kisigino kitafika kabla ya mdomo." Nikamwuliza amejuaje. Akachukua kipande cha mbao, akakigonga, na tezo ikaruka kama aliyepiga jiwe.

Yeye huiona hewani. Sisi wengine tuchore. Chukua katoni kubwa, laza tezo juu yake kwa ubavu. Chomeka msumari mahali kiganja kinaposhika mpini. Funga uzi kwenye msumari, na penseli kwenye uzi, urefu wa kufika kwenye makali kabisa. Chora tao linalopita kwenye makali na kupanda upande wa kichwa. Hiyo ndiyo njia makali yatakayopita unapopiga.

Tazama mteremko wako uko wapi ukilinganisha na tao:

Mteremko ukifuata tao, au ukiwa ndani yake kwa unene wa sarafu, umepatia. Ukitokeza nje ya tao, kisigino kitagonga kwanza na tezo itaruka, kwa hiyo fungua pembe, ubapa uende mbele zaidi. Ukiwa umejikunyata ndani sana, mbali na tao, tezo itakwaruza na kuchomeka badala ya kukata, kwa hiyo funga pembe, mdomo urudi upande wa mkono.

Kurekebisha ni rahisi kwa sababu chuma bado hakina matiko: pasha ubapa karibu na mkia na uupinde kidogo kwenye jiriwa. Pima tena. Mimi hupima mara tatu au nne kabla sijaridhika, na sijawahi kujutia muda huo.

8. Pumzisha chuma. Kufua kumekiacha chuma na mivutano ndani yake. Pasha ubapa hadi sumaku iuache, toa, uache upoe hewani, si kwenye maji, si kwenye upepo wa feni. Rudia mara tatu.

9. Tia matiko. Fanya kazi hii jua linapozama, kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Mchana jua hukudanganya rangi ya chuma.

Weka mkebe wa mafuta karibu na moto, mahali usipoweza kuupiga teke, mfuniko pembeni. Pasha mafuta kwanza kwa kuzamisha kipande cha chuma cha moto, hadi yawe kama maji makali ya kuoga, digrii 50 au 60. Mafuta baridi ni mazito na hupoza polepole kuliko yaliyopata joto, ingawa watu wengi hudhani kinyume.

Pasha mdomo na sentimita 5 za nyuma yake, polepole, ukiugeuza, rangi iwe moja pande zote. Gusa kwa sumaku. Ikiacha kushika, subiri kidogo tena chuma king'ae zaidi ya hapo, kama rangi ya chungwa lililoiva. Usisubiri hadi kiwe manjano.

Kisha bila kusita, zamisha mdomo wima, makali yakitangulia, sentimita 5 tu. Ushushe na kuupandisha taratibu, usiusukume pembeni, maana utajikunja. Mafuta yatatoa moshi na harufu ya chipsi mtaa mzima, na pengine mwali mdogo juu. Mwali usipozimika, funika mkebe kwa mfuniko. Usimwagie maji mafuta yanayowaka, hata kidogo. Mchanga upo kwa ajili ya hayo. Hesabu hadi ishirini kabla ya kutoa.

Pitisha faili kuukuu kwenye makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, matiko yameshika. Ikila chuma, rudia ukipasha zaidi kidogo.

Maji usiyatumie kwa springi. Wapo wahunzi wanaoweza, lakini wamepasua nyingi kabla ya kujua.

10. Punguza ugumu, usiku huo huo. Chuma kikitoka kwenye mafuta ni kama kigae, kikianguka sakafuni kinaweza kukatika. Usikiache mpaka kesho.

Mwenye oveni: digrii 230, saa moja, toa ipoe, kisha saa moja tena. Asiye na oveni atumie jiko la makaa na bamba nene la chuma juu yake. Sugua mteremko kwa msasa hadi ung'ae. Laza sehemu ya nyuma ya ubapa kwenye bamba, makali yakitokeza hewani. Rangi zitaanza kutembea kutoka nyuma kuja mbele: kwanza manjano ya majani makavu, kisha manjano iliyokolea, kisha kahawia, zambarau, bluu. Manjano iliyokolea inayoanza kuwa kahawia ikifika kwenye makali, tumbukiza kwenye maji papo hapo. Nyuma itakuwa bluu, na ndivyo inavyotakiwa: mkia usio mgumu hauvunjiki.

Usiondoe macho. Kutoka kahawia hadi bluu ni muda wa kumjibu mtu salamu.

11. Noa na ukaze. Anza na msasa namba 240 uliozungushwa kwenye kijiti kwa upande wa ndani, na jiwe la kunolea kwa mteremko wa nje, ukifuata mviringo. Malizia na 400, kisha kipande cha mkanda wa ngozi kilichopakwa dawa ya kung'arishia chuma. Makali yakate karatasi ya gazeti bila kuichana. Chomeka mkia kwa nguvu ya mkono, na mapigo ya kwanza ya kazi yataukaza.

Kama nundu ya kichwa si kubwa, ikaze kwa utepe wa ngozi mbichi ya ng'ombe uliolowekwa. Uzungushe mbele na nyuma ya tundu, ushone, uache siku tatu. Ukikauka hubana kuliko waya. Machinjioni Dagoretti utapata vipande. Mpini wenyewe upake mafuta ya linsidi au nta ya nyuki, usiupake vanishi, hutoa malengelenge mkononi.

Jaribu kwanza kwenye mjakaranda mbichi. Ni laini, hauna vifundo vingi, na kila msimu wa upepo matawi huanguka Nairobi. Mparachichi nao ni mzuri. Mwarobaini ni mti mzuri wa vinyago, lakini kwa kijiko cha kulia uache, uchungu wake huingia kwenye chakula. Miti kama mpingo na muhugu imepungua sana kwa sababu ya vinyago, na sioni haja ya kuigusa kwa bakuli la kujifunzia.

Weka mti kwenye gogo lenye vigingi vya kuuzuia. Anzia katikati ya bakuli, piga kutoka kila ncha kuja katikati, mapigo mafupi kutoka kwenye kiwiko, uzito wa tezo ufanye kazi. Mkono mwingine ukae nyuma ya njia ya mdomo, na goti lisiwe mbele yake. Wachongaji wazoefu hushika mti kwa miguu. Wewe usifanye hivyo mwaka huu.

## Ikikusumbua

Inaruka. Kisigino kinatangulia. Rudi kwenye tao la hatua ya 7. Kama tayari ina matiko, laza mteremko zaidi kwa jiwe, pengine itatosha. Isipotosha, ni kuitoa na kuchoma tundu jipya kwenye kichwa kingine kwa kutumia nondo iliyofuliwa umbo la mkia, si mkia wenyewe.

Inazama na kukwama. Pembe imefunguka mno, au mteremko uko upande wa ndani. Au unapiga kwa nguvu nyingi kuliko inavyohitaji, jambo la kawaida kwa wiki ya kwanza.

Makali yanamenyeka vipande. Ugumu haujapunguzwa vya kutosha. Rudia hatua ya 10 hadi kahawia kamili. Kama vipande ni vikubwa na ndani vinaonekana chembe chembe kama sukari guru, chuma kilipashwa kupita kiasi. Hapo anza upya kutoka hatua ya 8.

Makali yanalala. Matiko hayakushika, au rangi ilipita hadi bluu. Jaribu faili. Ikila, tia matiko tena.

Mdomo umejipinda baada ya mafuta. Mpindo mdogo uache, uondoe kwa jiwe. Mkubwa, pumzisha tena mara tatu, nyoosha ukiwa mwekundu, rudia matiko. Usijaribu kuunyoosha kwa nyundo ukiwa baridi.

Mkia unalegea kila baada ya dakika chache. Tundu limekuwa pana kwa sababu uliuchezesha mkia pembeni ulipokuwa unachoma. Zungushia mkia kitambaa chembamba cha pamba kilicholowekwa gundi ya mbao, uusukume ndani, uache ukauke siku mbili. Ikiendelea kulegea, kichwa hicho kimekwisha.

Kichwa kinaonyesha ufa mwembamba. Acha kazi hapo hapo. Tia gundi ya mbao ndani ya ufa, bana kwenye jiriwa usiku kucha, kisha funga ngozi mbichi. Ufa ukiwa unafuata tundu kutoka upande mmoja hadi mwingine, tengeneza mpini mwingine. Ubapa wako bado ni mzima, utoe kwa kugonga ncha ya mkia, uufunge kwenye kitambaa chenye mafuta, na utafute mpera mwingine.